Alama ya kaskazi kwenye tanuri la marehemu baba mkwe

BARUA YA MSOMAJI

Assalamu alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mkazi wa Mji Mkongwe wa Lamu. Nimeolewa mwaka wa 9 sasa, na tangu harusi nimekuwa nikiishi na mama mkwe wangu katika nyumba ya mawe aliyoiacha marehemu mumewe. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na hurudi nyumbani kila baada ya wiki 6 au 7. Tuna mtoto wa kiume wa miaka 7, na hivi sasa nina mimba ya miezi 4.

Riziki yetu inatokana na mikate. Baba mkwe alijenga tanuri la matofali lenye mlango wa chuma katika chumba cha nyuma, chini kabisa, kando ya kiwanda, yaani ua wa ndani, ili punda waweze kuleta magunia ya makaa mpaka mlangoni na wateja wasilazimike kupanda ngazi. Chakula chetu wenyewe tunapika juu, kwenye kidari cha meko, yaani jiko la darini lililoezekwa makuti, kama zilivyo nyumba nyingi za hapa. Tanuri lina kidirisha cha kuingizia hewa upande wa chini, na bomba la moshi linalopenya ukuta kisha kupanda nje hadi usawa wa dari letu. Ndani ya bomba hilo mna kibati kinachozungushwa kwa mpini. Pembeni mwa mpini, marehemu alichanja alama mbili kwa tupa: moja ya kusi, majira ya upepo wa kusini, ambapo kibati hukaa wazi, na moja ya kaskazi, majira ya joto ya upepo wa kaskazini, ambapo kibati hukaribia kuziba kabisa.

Desturi ya nyumba ni hii. Kusi ikiondoka na joto la kaskazi likianza, mpini huletwa kwenye alama ya pili. Baada ya Isha tunajaza makaa, tunafunga kidirisha nusu na kurudisha kibati, na moto hulala mpaka saa 10 alfajiri, tunapofungua hewa na kuanza kuchoma boflo na mikate ya mofa. Kwa njia hiyo hatuwashi moto upya, na mama husema chumba hakiwi jehanamu.

Mwaka huu, tangu kaskazi iingie, naamka na kichwa kizito kana kwamba kimefungwa kwa kamba. Miezi miwili iliyopita nilihamia chumba cha chini kilicho karibu na tanuri kwa sababu ngazi zinanichosha, na mwanangu analala nami. Naye amelalamika kichwa asubuhi mara tatu, na siku moja alitapika kabla ya kwenda shule. Tukishatoka nje tunapata nafuu. Mama mkwe anasema kwangu ni mimba changa na kwa mtoto ni joto, na kweli joto limezidi, kwani tangu jirani apandishe ghorofa moja zaidi, hata upepo hautufikii vizuri.

Usiku mmoja nilijaribu kwa siri. Nilitia makaa nusu na kukifungua kibati mpaka alama ya kusi. Saa 10 nilikuta jivu tupu. Mikate ilichelewa, wateja wetu wa asubuhi wakanunua kwingine, na mama hakunisemesha hadi adhuhuri. Aliponisemesha alisema maneno machache tu: "Mkono wa marehemu hauguswi." Nilimpigia mume wangu simu, naye akanijibu kwamba nimsikilize mama, kwa kuwa amelitumikia tanuri hilo zaidi ya miaka 30.

Simchukii mama mkwe, wallahi. Alinipokea vizuri, na kila usiku huamka saa 9 kuswali na hutuombea sote kwa majina. Lakini sijui nifanye nini. Je, nibadilishe mpini hata akikasirika? Ninyamaze mpaka nijifungue? Nimwombe mume wangu tununue jiko la gesi? Au nirudi kwetu Matondoni kwa muda, nimwache mama peke yake ilhali Ramadhani nayo itatufikia ndani ya kaskazi hii hii na mikate itatakiwa kuliko wakati wowote?

Mke wa mwokaji, Lamu

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimekuona umesimama mahali pembamba kati ya mambo mawili unayoyapenda: afya ya watoto wako, yule anayekwenda shule na yule ambaye bado hujamwona, na heshima ya mwanamke aliyekupokea kama binti yake. Unaniuliza kuhusu mpini wa kibati, lakini nadhani unaniuliza pia kama mtu anaweza kubadilisha kazi ya mikono ya marehemu bila kumvunjia heshima marehemu huyo na mjane wake. Hayo ya pili nitayajadili nawe taratibu bila kukuhukumia. Kuna jambo moja tu ambalo sitalizungusha, nalo ni kwamba leo usiku wewe na mwanao msilale katika chumba kilicho karibu na tanuri. Pandeni juu, hata kama utapumzika kila baada ya ngazi 3. Hili halihitaji idhini ya mtu wala halimgusi marehemu, na kwa mama mkwe unaweza kulieleza kwa ukweli ulio wazi, kwamba chini kuna joto na mtoto halali vizuri.

Nina sababu ya kusisitiza. Makaa yaliyonyimwa hewa hayatulii tu kama mtu aliyelala. Yanaendelea kuungua nusunusu, na kuungua huko hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa makaa yaliyoiva hayatoi moshi mwingi, watu wengi hudhani kwamba moto usio na moshi ni moto safi. Sumu hiyo ikivutwa hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa pumzi ilhali mtu anapumua. Dalili zake za mwanzo ni hizo ulizozitaja: kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na nafuu mtu akitoka nje. Mtoto aliye tumboni huathirika zaidi ya mama yake.

Sisemi kwamba mama mkwe amekosea kuitaja mimba. Mimba huleta kichwa na kichefuchefu, na joto la kaskazi vilevile, na shinikizo la damu kwa mjamzito ni jambo la kuchunguzwa bila kuchelewa. Hata hivyo, mwanao hana mimba, na joto la mchana lingewasumbua mchana zaidi kuliko alfajiri. Mnapoumwa wawili kwa pamoja, mahali pamoja, saa zilezile, inafaa kukitazama chumba kabla ya kuitazama miili. Nenda kliniki ya wajawazito au Hospitali ya King Fahd hapo Lamu, na uwaeleze habari ya tanuri waziwazi, maana wasipoambiwa hawataiuliza. Fahamu pia kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kuonyesha hali ya kawaida hata damu ikiwa imebeba sumu hii. Kinachoipima ni kipimo maalumu cha damu. Zaidi ya hayo, katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka mwilini kwa muda wa saa 4 au 5 hivi, kwa hiyo ukienda jioni baada ya kuumwa alfajiri huenda kipimo kisione kitu. Na ikiwa siku yoyote mmoja wenu atalegea au kupoteza fahamu, mtoeni nje mara moja na kumkimbiza hospitali.

Sasa tuje kwenye tanuri lenyewe, kwa sababu naona ndani yake kuna jambo ambalo huenda likakusaidia hata katika mazungumzo na mama.

Bomba la moshi huvuta kwa sababu hewa iliyo ndani yake ni ya moto, na kwa hiyo ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Tofauti ya joto ikiwa kubwa, bomba huvuta kwa nguvu. Tofauti ikipungua, mvuto hulegea. Moto mdogo wa usiku hulipasha bomba kidogo tu, na hewa ya nje ya kaskazi ni ya joto, kwa hiyo majira ambayo sisi tunataka kuufunga moto ndiyo majira ambayo bomba lina nguvu ndogo zaidi. Wenzetu wa nchi za baridi wanalijua hili. Huko Poland, ambako nyumba nyingi zimekuwa zikipashwa joto kwa matanuri ya makaa ya mawe yanayochemsha maji, baridi ikianza kuondoka watu hupunguza moto ili nyumba isizidi joto, na hapo ndipo hujikuta na moto unaopumua kwa shida na bomba lisilovuta. Makaa yao si haya yetu ya miti, lakini hewa ni ileile.

Mahali pa kupunguzia moto ndipo penye uzito. Ukipunguza hewa kwenye kidirisha cha chini huku bomba likiwa wazi, moto hudhoofika lakini bomba huendelea kuvuta, na kwenye nyufa za mlango hewa ya chumba huingia tanurini. Ukiziba bomba na kukiacha kidirisha nusu wazi, kama mnavyofanya sasa, sumu inayozaliwa haina pa kupandia, nayo hurudi kupitia nyufa zilezile hadi chumbani. Kwa hiyo huenda desturi ya nyumba yenu ina nia njema, yaani kuufanya moto uwe mdogo wakati wa joto, lakini nia hiyo imewekwa kwenye mpini usiofaa. Unaweza kulithibitisha hili kwa kijiti cha udi. Usiku, moto ukishapoa, kiwashe ukishikilie kwenye mwanya wa mlango wa tanuri. Moshi wa udi ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi. Ukisukumwa kuja kwako, fungua milango, ondoka hapo, na umwite mama aone kwa macho yake. Usijaribu mapema baada ya kuchoma mikate, kwa sababu wakati huo bomba bado lina moto na litakudanganya. Wala jibu jema la usiku mmoja lisikurudishe kulala chini, kwa kuwa upepo hubadilika.

Tena kuna maneno uliyoyaandika kwa kupita tu, ambayo mimi yamenisimamisha. Umesema jirani amepandisha ghorofa. Ikiwa mdomo wa bomba lenu uko usawa wa dari lenu, basi sasa unakaa chini ya ukuta wa jirani, na upepo ukiupita ukuta huo unaweza kushuka na kuurudisha moshi bombani. Marehemu alipochanja alama zake, je, ukuta huo ulikuwapo? Kama haukuwapo, alama ya kaskazi ilichanjwa kwa ajili ya bomba lililokuwa likipata upepo wazi, tena katika nyumba ambayo pengine hapakuwa na mtu aliyelala chini. Huenda hakukosea hata kidogo siku ile. Ni nyumba iliyobadilika, na hakuwapo kuibadilishia alama.

Hapa ndipo ninapotaka tutazame upya maneno yaliyokuumiza. "Mkono wa marehemu hauguswi." Umeyasikia kama ukaidi, na labda ukaidi umo, lakini fikiria mwanamke aliyeamka alfajiri kwa miaka mingi kando ya mtu mmoja, kisha akabaki na mikwaruzo miwili ya tupa kwenye chuma. Kila mwaka kaskazi ikiingia, anapousogeza mpini, anafanya pamoja na mumewe kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya naye tena. Nawe uliusogeza usiku, bila kumwambia. Sikulaumu, kwani uliogopa, lakini naomba upime kama hasira yake ilikuwa juu ya mikate iliyochelewa, au juu ya alama, au juu ya siri. Kila moja ina dawa yake, na mtu aliye karibu naye kama wewe ndiye anayeweza kujua.

Jaribio lako nalo halikushindwa kwa sababu wazo lilikuwa baya. Ulibadilisha mambo mawili kwa usiku mmoja: ulipunguza makaa na uliongeza mvuto wa bomba, ilhali kidirisha cha chini, kama nimekuelewa vyema, kilibaki palepale. Makaa machache yenye hewa nyingi lazima yaishe upesi. Anayetaka kujua tabia ya tanuri hubadilisha kitu kimoja, akaangalia asubuhi, akaandika, kisha akabadilisha kingine. Mathalani, kibati kiwe wazi, makaa yawe kiasi kilekile cha kawaida, na kidirisha kifungwe zaidi kidogo kuliko desturi. Huenda ukahitaji siku 4 au 5 kupata kipimo, na baadhi ya siku hizo mikate itachelewa. Hiyo ni hasara ya kweli, kwa hiyo inafaa ifanyike sasa kabla ya Ramadhani, kwa kukubaliana, na bila mtu yeyote kulala chini.

Njia nyingine ni kuuacha moto ufe baada ya Isha na kuwasha upya alfajiri kwa vifuu na makumbi. Hii ndiyo salama zaidi kwa usiku, lakini ina gharama ya vifuu, na inamtaka mtu aamke mapema, kwa sababu matofali yaliyopoa hayachomi mkate mara moja. Umeniambia mama huamka saa 9 kuswali. Sijui nguvu zake zikoje, na sipendi kumtwika mzigo mwanamke wa umri wake, ila nawaza kwamba akiombwa awe yeye mwenye kuuwasha moto wa alfajiri, huenda akajiona anarudishiwa tanuri badala ya kunyang'anywa. Au huenda akaona mmemtupia kazi. Wewe unamjua.

Baadhi ya watu watakushauri mfukie makaa kwa jivu na kuyahifadhi juu kwenye kidari cha meko. Jivu huuhifadhi moto vizuri, na mama zetu waliishi hivyo, lakini makaa yaliyofukiwa nayo hutoa sumu, kwa hiyo mahali pake ni pa wazi kabisa, na palipo wazi wakati wa kaskazi pana upepo, nayo makuti hayasubiri zaidi ya cheche moja. Mimi ningeiogopa njia hiyo.

Kuhusu kulirefusha bomba mpaka lipite ukuta wa jirani, naona hilo lingetibu chanzo, ikiwa chanzo ndicho hicho. Fundi alitazame kwanza, atazame pia kama chumvi ya bahari haijalitoboa ndani ya ukuta. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mabadiliko ya nje ya nyumba hupitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo msianze bila kuuliza. Itachukua muda, na itahitaji mazungumzo mema na jirani. Gesi nayo inawezekana, lakini tanuri la gesi la kuchomea mikate ya biashara ni ghali, chumba kisichopitisha hewa ni hatari hata kwa gesi, na mikate ya mofa mliyoizoeza wateja wenu haitakuwa ileile. Zaidi ya yote, jiulize mama atasikia nini siku tanuri litakapozimwa kabisa wakati alama mbili tu zilikuwa zimemliza.

Umetaja kwenda Matondoni, na sikukatazi. Kwa mwenye mimba kupumzika kwao si kushindwa wala si kuvunja ndoa. Ila kwenda kimya kimya kutasomwa kama hukumu juu ya mama, na kutamwacha yeye akishuka peke yake saa 9 kwenye chumba kilekile unachokiogopa. Ukienda, mama ajue kwamba hofu yako inamhusu yeye pia. Kunyamaza mpaka ujifungue ndiyo njia pekee kati ya zote ulizozitaja ambayo sioni faida yake, kwa sababu miezi 5 iliyobaki inabeba kaskazi yote.

Nani aseme na mama? Mume wako alikujibu kwa simu, akiwa mbali na kichwa kizito cha alfajiri. Mwombe alale usiku mmoja nyumbani na aamke nawe saa 10, asimame mbele ya mlango wa tanuri kabla ya kutoa neno. Kama atachelewa kuja, huenda somo wako, au mwanamke mwingine ambaye mama anamheshimu, akaweza kulifikisha bila kulifanya liwe kesi ya mkwe na mkaza mwana. Kuna hatari kwamba mama ataona mambo ya nyumba yake yametolewa barazani, kwa hiyo mchague mtu mmoja tu, tena mwenye kifua. Na kuna uwezekano kwamba mtu anayefaa zaidi ni wewe mwenyewe, mchana, mkiwa mnapepeta unga, ukianza kwa kukiri kwamba uliusogeza mpini bila kumwambia.

Ukipata nafasi hiyo, usianze na sumu wala na hospitali. Mtu aliyechanja alama mbili badala ya moja alijua kwamba tanuri halikai hali moja mwaka mzima, alilisikiliza, akalibadilisha. Pengine inaweza kuwapo alama ya tatu kando ya zile mbili, bila kuifuta hata moja, na mwenye kuishika tupa akawa mama. Muulize kwa upole akusimulie siku marehemu alipoichanja ile ya kaskazi: ulikuwa mwaka gani, walilala chumba gani, na ukuta wa jirani siku hiyo ulikuwa umefika wapi.